Kutua Kalamu Si Kuitupa

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo. Waandishi wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhuisha uandishi wetu kwa mapumziko na tafakuri. Nitaanza na neno moja ambalo nimekaa nalo muda mrefu: kutua. Mtu aliyejitwika mzigo hutua. Ndege hutua. Maji yaliyovurugwa, yakiachwa, hutuama. Na sisi watu wa tungo, mshororo unaofunga ubeti tunauita kituo. Katika hivyo vyote hakuna kilichopotea. Aliyetua mzigo anajua ameuweka wapi, na anajua atajitwika tena.

Sasa ongeza herufi moja tu, uone neno linavyogeuka: kutupa. Wengi wetu tunaogopa kutua kalamu kwa kudhani kwamba tutakuwa tumeitupa. Wengine, nami nimo, tumewahi kuitupa huku tukijiambia kwamba tunapumzika. Mazungumzo yangu ya leo yako kati ya maneno hayo mawili.

Niwaeleze yaliyonifikisha hapa. Kwa miaka kadhaa nilijiwekea sharti la kurasa 2 kila alfajiri. Sikuzikosa. Nilipougua niliandika, nilipofiwa niliandika. Ukafika wakati kurasa zile zikawa zinatoka kwa wepesi ambao sikuwahi kuujua, nikaamini kwamba sasa nimekomaa. Siku moja nikalisahau jina la mhusika wangu mmoja, ikanibidi nifungue madaftari ya nyuma kulitafuta. Nilisoma la kwanza, la pili, mpaka la saba. Hadithi 11 zilikuwa zinaanza na mtu anayeamka usingizini. Karibu kila mhusika akiudhika alikwenda kusimama dirishani akatazama nje. Neno "ukimya" lilikuwa limeenea kote, hata mahali ambapo hapakuwa na haja ya mtu kunyamaza. Jina nililolitafuta nililipata, lakini jioni ile sikuandika kitu. Nilikuwa nimeona kwamba kwa muda mrefu sikuandika, nilijinakili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba dalili ya mwandishi aliyechoka ni kukosa la kuandika. Huyo angalau anajua kwamba amekwama, na atatafuta njia. Uchovu ninaouhofia mimi ni ule unaokuja na wino tele: mkono unakwenda, sentensi zinatii, na hakuna hata moja inayomshtua aliyeiandika. Uchovu huo huwezi kuuona ukiwa unaendelea kuandika. Unauona ukitua na kutazama nyuma.

Basi kutua kunafanya nini hasa ndani ya kichwa cha mtu? Mwaka 1908 mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré alitoa mhadhara mjini Paris kuhusu namna ugunduzi unavyomjia mtu. Alisimulia kwamba alikuwa ameshughulika na tatizo moja kwa siku nyingi, kisha akasafiri, na safari ikamsahaulisha hisabati kabisa. Walipofika mji wa Coutances, alipoweka mguu kwenye ngazi ya gari la abiria, wazo alilokuwa akilihitaji likamjia lote kwa mara moja. Hata hakukatiza mazungumzo aliyokuwa nayo na mwenzake. Aliporudi nyumbani ndipo alipolithibitisha.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1926, Mwingereza Graham Wallas akaupanga mwenendo huo katika hatua 4: kujiandaa, kuatamia, kupata mwanga, kuhakiki. Tazameni hiyo hatua ya pili. Kiswahili kina neno lake zuri kabisa, la kuku na mayai yake. Kuku anayeatamia hayadonoi mayai ili ajue kama yameiva. Lakini pia hayaachi yapoe. Amekaa, ametulia, na joto lake linafanya kazi asiyoiona. Na kuna jambo ambalo watu hulisahau wanapoisimulia habari ya Poincaré: kabla ya gari lile kulikuwa na siku nyingi mezani. Mayai yalikuwepo. Asiye na mayai, hata akikaa siku 21 kwenye kiota, hataangua kitu.

Sayansi ya karibuni imeongeza yake. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba kuna sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi pale mtu anapokuwa hana kazi maalumu, ametulia tu. Sehemu hizo zimehusishwa na kukumbuka ya nyuma, kuwaza ya mbele na kujiweka katika nafasi ya mtu mwingine. Sikilizeni tena orodha hiyo: kumbukumbu, kuwaza yasiyokuwepo, kuingia katika nafsi ya mwingine. Kwa mtunzi, hicho ndicho kiwanda chenyewe.

Mwaka 2004 watafiti nchini Ujerumani waliwapa watu fumbo la namba lenye njia ya mkato iliyofichwa. Waliolala usiku kucha kati ya jaribio la kwanza na la pili waliigundua njia ile kwa zaidi ya mara mbili ya wale waliokaa macho. Na mwaka 2014, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz walionyesha kwamba watu wanapotembea hutoa mawazo mapya kwa wastani wa asilimia 60 zaidi kuliko wanapokaa, hata kama wanatembea kwenye mashine wakitazama ukuta mtupu. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba kutembea hakukusaidia pale palipotakiwa jibu moja tu lililo sahihi. Kwa hiyo nenda katembee ukitafuta pa kuipeleka hadithi. Ukitaka kuchagua kati ya maneno mawili katika mshororo wa tatu, kaa chini.

Sasa nirudi nyumbani kwetu, kwenye fani. Wale mnaotunga mashairi ya mizani 16, yaani silabi 16 katika kila mshororo, mnajua kwamba mshororo haukimbii moja kwa moja mpaka mwisho. Unakwenda mizani 8, ukwapi, unavuta pumzi, kisha mizani 8 nyingine, utao. Kina cha kati kinakaa palepale pumzi inapovutwa. Anayeghani anajua: ukipapita pale bila kutua, sikio la msikilizaji halikipati kina, na shairi zima linakuwa kelele. Waliotuwekea kanuni hizi hawakuuona mtuo kuwa upungufu wa shairi. Waliupa mahali pake, wakauhesabia mizani. Hata neno kupumzika lina pumzi ndani yake. Ninachowaomba ni kwamba tuuchukue mpango huo wa mshororo mmoja tuutandaze juu ya siku, juu ya mswada, juu ya mwaka.

Kwa siku, ushauri ninaoutumia ni wa mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, aliouelezea katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958: acha kuandika wakati bado unajua kitakachofuata. Usiandike mpaka ukauke. Mimi hukatiza hata sentensi katikati. Mwanzoni iliniuma, kwa sababu nililelewa kumaliza nilichokianza. Lakini asubuhi inayofuata sikuti ukurasa mtupu, nakuta mlango umeachwa wazi.

Mswada nao unahitaji muda mrefu zaidi. Mshairi Mrumi Horace, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alishauri kazi iwekwe kando mpaka mwaka wa tisa kabla ya kutolewa. Simwambii mtu angoje miaka yote hiyo. Kwa hadithi fupi mimi huweka wiki 6, kwa riwaya miezi 3. Kinachotafutwa ni kusahau. Nikiwa bado nakumbuka nilichokusudia kusema, macho yangu husoma kusudio, hayasomi maneno. Nikisahau, nasoma kilichoandikwa, kama atakavyokisoma mtu asiyenijua.

Hapo ndipo tafakuri inapoingia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi huruka moja kwa moja kutoka kupumzika mpaka kuandika upya, na kati yake pana kazi kubwa.

Chukua madaftari yako ya mwaka mzima. Yasome yote, kwa mpangilio, bila kusahihisha hata nukta. Hili la kutosahihisha ni gumu kuliko linavyosikika. Mkono utawasha. Lakini ukianza kusahihisha umerudi kazini, na hujafika huko bado. Mwandishi Mwingereza Virginia Woolf, tarehe 20 Januari 1919, aliandika katika shajara yake kwamba ameisoma upya shajara ya mwaka uliopita. Alikerwa na mwendo wake wa pupa na uzembe. Hata hivyo akatambua kwamba mwendo uleule ulikuwa umeokota vitu kadhaa vya thamani ambavyo angevitupa kama angesita kufikiri. Angeisoma kama mhariri, angeona kero peke yake.

Nikisoma hivyo hushika penseli kwa jambo moja: kuweka alama ndogo pembeni pale pumzi yangu ilipobadilika. Si pale palipoandikwa vizuri, hapana. Kuna aya zangu nzuri ambazo hazinifanyi chochote, na kuna mistari mibovu, yenye makosa ya kisarufi, ambayo nikiifikia kifua kinabana. Alama zikishawekwa nazitazama zote kwa pamoja. Katika madaftari yale saba zilikuwa alama 19 tu, na 12 kati ya hizo zilikuwa zimemzunguka mtu mmoja, mwanamke mzee asiye na jina, aliyekuwa anapita pembezoni mwa hadithi za watu wengine. Anafungua mlango, anapokea barua, anaondoka. Nilikuwa nimemwandika kwa miaka 2 bila kumpa neno hata moja la kusema. Na niligundua nilichokuwa nakikwepa: nilijua kwamba akisema, atasema mambo ya nyumbani kwangu.

Swali linaloninufaisha kuliko yote ni hilo: nimekuwa nikipita kando ya nini? Maswali ya ufundi yana siku yake.

Nafahamu kuna mtu hapa anajiuliza, mapumziko haya ni ya nani? Ni ya mwenye nafasi. Mimi nina kazi, nina watoto, nusu saa yangu ya kuandika naipata wote wakishalala. Niipumzishe nusu saa hiyo? Dada yangu, kaka yangu, ninalichukulia swali hilo kwa uzito, kwa sababu wanaotushauri tukajitenge mwezi mzima mahali pa utulivu hawatuoni. Jibu langu ni kwamba nusu saa ile usiiachie. Endelea kuketi pale pale, saa ile ile. Ila kwa wiki 2 usiandike. Soma ya nyuma. Au keti tu na daftari lililofungwa. Na simu iwe chumba kingine. Kuvinjari hadi usingizi ukuchukue nako kunachosha, kwa kuwa maneno ya wengine yanaendelea kumiminika mahali ulipotaka maji yatuame. Ukiilinda saa yako hata usipoandika, umetua. Ukiiachia ichukuliwe na mengine, itakuwa vigumu kuidai.

Kuna jambo la pili linalotofautisha kutua na kutupa. Mwaka ule nilioitupa kalamu sikuagana nayo. Nilisema tu, nitarudi. Siku ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi 8, na kila mwezi aibu ya kurudi ilikua. Siku hizi kabla ya kutua naandika mambo mawili kwenye karatasi na kuibandika ndani ya jalada: tarehe ya kurudi, na sentensi moja ya kunielekeza nilipoishia. Iwe sentensi ya kazi, inayoweza kushikwa kwa mkono. "Endelea na sura ya nne" haisaidii. Miezi 3 ikipita hutajua sura ya nne ilikuwa inataka nini.

Na siku ya kurudi, rudi kwa upole. Usidai kurasa. Wakati mwingine mimi hunakili kwa mkono ukurasa wangu mmoja wa zamani ili vidole vizoee. Wakati mwingine hubadili fani: mtu wa nathari atunge beti chache zenye vina na mizani, mtu wa mashairi aandike mazungumzo ya watu wawili wanaotofautiana. Fani ngeni haina mazoea yako; dirisha lako la kusimamisha wahusika halimo.

Baada ya kuyasoma madaftari yale saba, nilitua kwa siku 90. Sikuandika hadithi hata moja. Nilitembea, nililala, nilisoma. Kuna majuma niliyoogopa sana, sitawaficha. Niliamka usiku nikiamini kwamba kipaji kimeondoka na hakitarudi. Tarehe ilipofika nilifungua jalada. Karatasi ilikuwa na mwandiko wangu, lakini nilikuwa nimesahau kabisa nilichoandika. Ilisema: "Yule bibi wa mlangoni anajua barua imetoka kwa nani. Muulize."

Nikamuuliza. Alijibu kurasa 6 kabla sijainua kichwa, na hakuna aliyesimama dirishani.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.