Gavana wa Kaunti, Gavana ya Matatu

ATIENO: Karibuni tena, tuko hapa Kisumu, joto lile lile. Wafula, una deni langu. Wiki jana ulisema gavana ni mtu wa mashua, halafu ukakata kipindi.

WAFULA: Nalipa leo. Si gavana mwenyewe, ni neno lake. Waingereza wana kitenzi "govern", sisi tunasema kutawala. Walikitoa kwa Wafaransa, nao Wafaransa kwenye Kilatini, gubernare. Waroma nao walikuwa wamekopa kwa Wagiriki: kybernan. Na kwa Mgiriki hiyo ilikuwa kazi ya mkono, kushika usukani wa merikebu. Ving'ora na msafara vilikuja baadaye sana.

ATIENO: Hebu ngoja, hiyo K ilipotelea wapi?

WAFULA: Waroma waliitamka G. Wafaransa nao wakafanya B kuwa V. Lakini B haikufa. Wamarekani wakizungumzia uchaguzi wa gavana husema "gubernatorial".

ATIENO: Kumbe! Mimi nilidhani ni maringo tu.

WAFULA: Maringo pia yamo.

ATIENO: Hilo la usukani nalielewa vizuri. Nikiwa mdogo mjomba alinipandisha mashua pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, giza bado. Nilitegemea mwenye mashua ndiye atakaa nyuma. Wapi! Aliyekaa nyuma alikuwa kijana tu, kasia amelibana kwapani, macho kwenye mawimbi, hamwangalii mtu hata kidogo. Mwenye mashua, jaduong', mzee mzima mwenye mvi, akiambiwa "sogea kushoto", anasogea. Bila neno.

WAFULA: Huyo kijana Mgiriki angemwita kybernetes. Mwaka 1948 mwanahisabati Norbert Wiener alichukua jina hilo akaipa elimu ya mitambo inayojirekebisha yenyewe, saibanetiki. Maana yule kijana alikuwa anafanya nini? Mashua ikielemea huku, anaivuta kule kidogo, ikizidi, anairudisha. Kutwa nzima.

ATIENO: Na sisi Waswahili je? Siasa ni ya mashua pia?

WAFULA: Hiyo ni ya farasi, dada. Ni Kiarabu, na kwenye mzizi huo huo yuko mtunza farasi, yule anayemlisha na kumfunza. Serikali imetoka Uajemi: sar ni kichwa, kar ni kazi.

ATIENO: Kichwa cha kazi. Hapo nanyamaza, nina leseni ya biashara ya kulipia.

WAFULA: Lakini ninayoipenda mimi ni ya injini. Mwaka 1788 James Watt aliifungia injini ya mvuke vipira viwili vya chuma vinavyozunguka. Injini ikikimbia sana, vipira vinarushwa nje, vinabana njia ya mvuke, mwendo unashuka. Kifaa hicho kikaitwa gavana.

ATIENO: Si ndiyo hii ya matatu! Sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, 2004: mwisho kilomita 80 kwa saa.

WAFULA: Ukoo mmoja. Sasa, juzi natoka Kakamega. Tunafika Chavakali, dereva anaegesha, anapenyeza mkono chini ya dashibodi, anachezea waya fulani. Mama mmoja anauliza kuna nini. Makanga anamjibu kwa heshima zote: "Mathe, gavana amechoka, tumemlaza kidogo."

ATIENO: Na mkafika saa ngapi?

WAFULA: Nilikuwa nimenunua njugu za shilingi ishirini. Tuko Kondele, Kisumu tayari, nusu bado iko mfukoni.