Mteja Anataka Mfumo. Wa Nini?

Mliosimama mlangoni ingieni, viti vya mbele vipo na wala havilipiwi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya mchambuzi wa biashara. Hapa Dar wengi wetu tulipewa cheo hiki kabla ya kuelezwa kazi yenyewe. Unaajiriwa kitengo cha TEHAMA, benki au kampuni ya simu, bosi anakwambia: “Andika mahitaji ya mfumo mpya.” Nawe unaandika alichosema, neno kwa neno. Hiyo ni imla. Kiongozi akija kwako huwa keshabeba dawa mkononi, anataka programu ya simu, anataka mfumo. Ugonjwa hajautaja, na sisi tunalipwa kuutafuta ugonjwa.

Chukueni depo moja ya soda, pande za Temeke, jina tuliache. Mwenye mali alitaka mfumo mpya wa stoo kwa sababu hesabu ya kompyuta na mzigo uliopo havikulingana, mwezi hadi mwezi. Alishaanza kuulizia bei. Mchambuzi aliyepewa kazi hakugusa kompyuta kwanza. Alikwenda kukaa stoo asubuhi, magari yanapopakia. Akaona kila mteja akija, stoo kipa anachomoa kaunta buku chini ya meza, anaandika, anairudisha. Mle ndani mlikuwa na safu ambazo kompyuta haikuwa nazo: kreti tupu zilizorudi, chupa zilizovunjika, nani anadaiwa kreti ngapi. Mwenye grosari kachukua kreti tano, karudisha tupu tatu. Kompyuta inajua zimetoka tano, basi. Ilihesabu soda tu, kana kwamba chupa na kreti si mali.

Na yule stoo kipa, mtu mzima, vikaoni alikuwepo. Kimya. Angesemaje, mkurugenzi kakaa mbele yake, na hilo daftari lenyewe halina kibali? Tumelelewa kutomkatiza mkubwa, na ni malezi mazuri, ila kikao chenye bosi kinazaa “ndiyo mzee” nyingi na mahitaji machache. Mfuate mtu anapofanyia kazi. Mpe shikamoo yake, kaa, kalamu usiitoe mapema. Usimuulize mnafuata utaratibu gani, maana atakusomea utaratibu. Muulize: mkikwama huwa mnafanyaje?

Ukishapata, andika kitu kinachopimika. “Mfumo uwe rahisi na wa haraka” ni dua. Andika hivi: karani akiingiza namba ya mteja, deni lake la kreti lionekane kabla mzigo haujapakiwa. Hilo fundi wa programu analijenga, na stoo kipa analikagua mwenyewe, akasema limo au halimo. Depo ile, kwa taarifa yenu, haikununua mfumo. Waliongeza sehemu ya kreti tupu kwenye uleule wa zamani, na kaunta buku ikapata kibali, itumike umeme ukikatika.

Kuna jambo linarukwa sana: taarifa za watu. Fomu zetu zinaomba namba ya NIDA hata pasipo na sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo “tuikusanye, itatufaa baadaye” si jibu tena. Anayepaswa kuuliza namba hii ni ya nini ni wewe, fomu ikiwa bado karatasini.

Vyeti, maana najua wengine mmefuata hilo tu. Chama cha kimataifa cha fani hii, IIBA, kilianzishwa Kanada mwaka 2003. Cheti chake cha wabobezi, CBAP, kinadai saa 7,500 za uzoefu ndani ya miaka kumi. Kwa mwajiriwa wa kutwa ni karibu miaka minne ya kazi hii tupu. Cha wanaoanza, ECBA, hakidai uzoefu. Uliyemaliza chuo majuzi, kama ada unayo, kifanye. Kama huna, iombe SACCOS ya mtaani kwenu wakuruhusu ukae nao wiki moja, uchore mkopo unavyosafiri tangu kuombwa hadi kutolewa, kisha uwaonyeshe wenyewe mchoro. Watakusahihisha, tena sana. Mimi kwenye usaili nitauomba mchoro huo, pamoja na masahihisho yake, kabla sijaangalia cheti.

Haya, maswali. Tuanze na dada wa pale dirishani.