Vipochi vitatu kwenye msumari

NEEMA: Shikamoo Bi Mwajuma.

BI MWAJUMA: Marahaba mwanangu. Mbona leo umekaa hivyo, kama mtu aliyekosa daladala?

NEEMA: Nina jambo. Wasikilizaji, wiki iliyopita tuliahidi mafunzo matatu ya mabaki ya vitambaa: kishika sufuria, mfuko wa sokoni na blanketi la mtoto. Yamo hapa, nimeyaandika. Ila kwanza nitoe hili la moyoni.

BI MWAJUMA: Toa.

NEEMA: Mnakumbuka kitenge alichonipa bibi, kile cha manjano chenye maua makubwa mekundu? Yadi 6. Nilikipeleka kwa fundi...

BI MWAJUMA: Si kwangu, jamani. Nataka lijulikane mapema.

NEEMA: Si kwako. Ulikuwa na sare za harusi wiki ile, nikaenda kwa mwingine. Gauni likatoka zuri, nimelivaa mpaka kanisani. Sasa Jumanne nimerudi pale kuchukua sketi, nainua macho mlangoni, naona vipochi vitatu vya zipu vimening'inia kwenye msumari. Kitenge changu! Maua yangu mekundu! Namuuliza bei, ananiambia shilingi 5,000 kimoja, nikichukua viwili ananipunguzia.

BI MWAJUMA: Ukafanyaje?

NEEMA: Nikanunua kimoja. Nimelipia kitambaa cha bibi yangu mara ya pili, Bi Mwajuma. Hiki hapa.

BI MWAJUMA: Hebu. Lete nikione. Ngoja nivae miwani.

NEEMA: Wakati anavaa miwani, wasikilizaji, nataka mniambie kama hili ni sawa. Kitambaa nimekwenda nacho mimi. Ufundi nimelipa. Kilichobaki ni cha nani?

BI MWAJUMA: Huyu fundi anajua kazi.

NEEMA: Bi Mwajuma!

BI MWAJUMA: Nakuambia ninachokiona. Tazama mwisho wa zipu hapa. Wengi wanauacha unatokeza, kipochi kinakuwa na pembe mbili ngumu kama masikio. Huyu ameuvisha kipande kidogo kila upande kabla hajaunganisha na mwili, kona imekaa sawa. Ndani kaweka bitana. Na hapa katikati, umeona hapa?

NEEMA: Nimeona ua.

BI MWAJUMA: Angalia vizuri. Ua limekatwa na mshono. Pitisha kidole. Umeusikia?

NEEMA: ...Ndiyo. Kuna mshono.

BI MWAJUMA: Na huu mwingine. Upande mmoja wa kipochi ni pembetatu nne zimeunganishwa, zinakutana hapa katikati. Kazilinganisha ua na ua mpaka wewe mwenye kitambaa hukuona. Gauni lako lilikuwa la mshono gani?

NEEMA: Juu limebana, chini mwamvuli.

BI MWAJUMA: Basi ndiyo hivyo. Mwamvuli ni duara. Kitenge upana wake ni kama inchi 45, ukikata duara humo, pembe lazima zibaki. Hakuna fundi duniani anayekata mwamvuli pembe zisibaki. Zinatoka pembetatu zenye upande mmoja umepinda, huwezi kupata hata mkono wa blauzi ya mtoto. Hajakuibia kitambaa kizima, mwanangu. Angekuwa na yadi nzima asingehangaika kuunga pembe.

NEEMA: Kwa hiyo kwa kuwa ni vidogo si vyangu?

BI MWAJUMA: Mimi nina kanuni yangu, na wateja wangu wanaijua. Kipande kizima kinachokunjika, kama nusu yadi, robo yadi iliyonyooka, nakikunja na kukirudisha pamoja na nguo. Pembe, kwapa, shingo, vile vinavyodondoka chini ya meza, hivyo ni vya fundi.

NEEMA: Wanaijua kwa kuambiwa au kwa kuzoea?

BI MWAJUMA: Kwa kuzoea.

NEEMA: Hapo ndipo tunapoachana. Kunyamaza si kuruhusu. Fundi angesema tu, "Dada, hizi pembe unazitaka au nibaki nazo?" Sekunde mbili. Pengine ningemwachia zote. Lakini ameona sina habari, akachukua. Hiyo ndiyo kula kwa urefu wa kamba.

BI MWAJUMA: Hapana, usimfananishe fundi na hao. Nikueleze nilikojifunzia kazi hii. Mwaka mzima wa kwanza sikugusa nguo ya mtu. Nilikuwa nashonea mabaki. Mwalimu wangu ananipa vipande vya kitenge, anachora mistari ya chaki, nashona mstari, nafumua, nashona tena mpaka nyuzi zinaanza kutoka. Nilipoweza kunyoosha akanifundisha kona, baada ya kona zipu. Kila fundi unayemwona mtaani mikono yake imefundishwa na mabaki ya wateja. Mngekuwa mnachukua kila pembe nyumbani, sisi tungejifunzia nini?

NEEMA: Kujifunzia naelewa. Kuuza je?

BI MWAJUMA: Na kuuza ni haki yake. Zile pembe zilikuwa na bei gani kabla hajazishika? Ungezitupa. Thamani kaitia yeye: saa zake, uzi wake, zipu kanunua, bitana kaweka. Unajua leso ilivyokuja kuwa khanga?

NEEMA: Najua, lakini sema kwa wengine.

BI MWAJUMA: Hadithi tuliyorithi pwani inasema hivi. Mwishoni mwa karne ya 19 vilikuwa vinakuja vitambaa vya leso, hizi za mkononi, neno lenyewe la Wareno. Zinakuja mfululizo kwenye kitambaa kimoja, mwenye duka anakukatia unayotaka. Wanawake wa Zanzibar na Mombasa wakawa wananunua sita, tatu juu tatu chini, wanaziunga wapate vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa moja kwa moja. Ndiyo mpaka leo Mombasa ukisema leso wanakuelewa unataka khanga. Vazi letu la heshima, la kuzaliwa na la kuzikwa, lilianza kwa kuunga vipande. Aliyeunga ndiye aliyelizaa.

NEEMA: Asante, kwa sababu umenisaidia mimi. Wale wanawake walikuwa wamenunua zile leso. Kwa hela zao! Hawakuokota chini ya meza ya mtu. Wameunga mali yao, wakavaa wenyewe.

BI MWAJUMA: Huo sasa ni ujanja wa maneno.

NEEMA: Si ujanja. Na nina mfano mwingine, ulikuwa wa somo la blanketi lakini naona blanketi litangoja. Kuna Wasiddi wa Karnataka, India. Asili yao ni Afrika, wengi mababu zao walichukuliwa utumwani huku Mashariki wakavushwa bahari. Wanawake wao wanashona blanketi linaitwa kawandi. Hawatumii cherehani, ni mkono tu, mshono kama bandi. Wanaanza kona ya nje, wanaweka kipande, wanashona, wanaongeza kingine, wanazunguka ukingoni mpaka wanafika katikati.

BI MWAJUMA: Kutoka nje kuingia ndani? Bila kuchora?

NEEMA: Bila kuchora. Na zile kona nne wanamalizia kwa vipande vidogo vya pembetatu, wanaviita phula, maua. Lisipokuwa na phula wanasema liko uchi. Sasa sikiliza: vile vipande ni nguo zilizochakaa za watu wa nyumbani mwao. Gauni la mama, shati la mtoto aliyekua. Ukilalia unawajua wote. Ndicho ninachokidai mimi. Kitenge kile kanipa bibi kwa mkono wake. Zile pembe zilikuwa na bibi ndani yake, na sasa zinakwenda kubeba poda ya mtu nisiyemjua.

BI MWAJUMA: Hapo umenigusa. Hilo la bibi yako limenigusa kweli. Lakini fundi angejuaje? Ungemwambia.

NEEMA: Angeniuliza.

BI MWAJUMA: Ungemwambia.

NEEMA: Mwenye mkasi ndiye aulize, kwa sababu yeye ndiye anaona kinachobaki. Mimi nakaa nyumbani sijui hata kama kuna pembe.

BI MWAJUMA: Na mwenye mali ndiye aseme, kwa sababu yeye ndiye anajua uzito wake. Mimi kwa siku napokea vitenge vinane. Nikimhoji kila mmoja habari za bibi yake sikati hata gauni moja.

NEEMA: Nikuulize kitu na unijibu ukweli. Kile kiroba chako chini ya meza, ambacho kila wiki unatuambia kina hazina.

BI MWAJUMA: Kina hazina.

NEEMA: Wewe ndiye uliyemshonea mama yangu miaka yote. Mna kitambaa chake humo?

BI MWAJUMA: ...Mna. Kile cha bluu, cha sare ya harusi ya dada yako. Vipande kama vitano, upana wa kiganja.

NEEMA: Nitakuja kuvidai.

BI MWAJUMA: Utavikuta kwenye blanketi la mjukuu wangu. Nimeshavikata.

NEEMA: Unaona sasa!

BI MWAJUMA: Naona, na sijaona kosa. Mama yako mwenyewe alikuja dukani akaniona navikata, akasema vimependeza.

NEEMA: Kwa sababu hakujua kama anaweza kuvidai.

BI MWAJUMA: Kwa sababu ni muungwana.

NEEMA: Haya. Haya. Naonyeshwa hapa dakika 6 zimebaki, na somo hata moja hatujagusa. Bi Mwajuma, wape kishika sufuria, haraka.

BI MWAJUMA: Kishika sufuria, jambo kubwa ni moja: pamba tupu. Nje pamba, katikati kipande cha taulo kuukuu la pamba, mara mbili au tatu, nyuma pamba. Msiweke sponji wala ile pamba nyepesi ya kujazia mito, ile ni poliesta, ikikutana na sufuria ya moto inayeyuka na mkono wako utaungua. Kama hujui kitambaa chako ni nini, chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua, inaacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inakuwa kishanga kigumu cheusi. Na huo uzi uushike kwa kibano, usiushike kwa...

NEEMA: Ukubwa?

BI MWAJUMA: Inchi 8 kwa 8 inatosha. Na mloweke kila kipande peke yake kabla ya kuunga, muangalie maji. Kitenge kinachochuja rangi kikiungwa na cheupe, siku ya kwanza ya kufua umepoteza kazi yote. Na pasi! Kila mshono mmoja, pasi, ndipo uende wa pili. Mtu akiacha pasi mpaka mwisho vipande vinakuja vimepinda, halafu analaumu cherehani. Kwa mfuko wa sokoni sasa, chini lazima...

NEEMA: Dakika moja, Bi Mwajuma.

BI MWAJUMA: Mfuko hauwezi dakika moja. Chini pekee panataka maelezo ya dakika tano.

NEEMA: Basi mfuko na blanketi wiki ijayo. Wasikilizaji, tutumieni ujumbe wa sauti: pembe ni za nani? Mafundi semeni, wateja semeni. Na kama una kitambaa cha mtu wako, mwambie fundi mapema.

BI MWAJUMA: Umeona? Umesema mwenyewe, mwambie fundi.

NEEMA: Na fundi aulize! Sijamaliza sentensi. Naomba kipochi changu tuondoke, wenzetu wanangoja chumba.

BI MWAJUMA: Subiri kwanza nikigeuze ndani. Nataka kuona amefungaje hii bitana, sioni alipomalizia.