Shilingi Mia Tatu za Kibuye

AKINYI: Haya, tumeanza. Tuko Kisumu, mvua inapiga mabati tangu saa tisa, kwa hivyo ukisikia kitu kama mtu anakaanga omena huko nyuma, hilo ni paa. Mimi ni Akinyi.

WEKESA: Na mimi Wekesa, niliyeahidi wiki jana kwamba nina jambo la kusema, na sasa natamani ningenyamaza.

AKINYI: Toa hicho kitu mfukoni.

WEKESA: [kishindo mezani] Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo. Ile ya kwanza kabisa, toleo la 1989. Kijivu, skrini ya rangi ya mboga zilizochemka sana, betri nne ndogo nyuma. Na kaseti ndani. Niliipata soko la Kibuye Jumapili.

AKINYI: Kwa ngapi?

WEKESA: Mia tatu.

AKINYI: Dola?

WEKESA: Bob. Noti ya mia mbili na noti ya mia.

AKINYI: Uuuwi. Endelea.

WEKESA: Kuna mama ametandika gunia chini: rimoti, chaja za simu za kitambo, pasi isiyo na waya. Hiki kilikuwa katikati yao. Nikamuuliza, mama, hii ni nini? Akaniambia ni brick game ya watoto, weka betri ucheze, nipe mia tano.

AKINYI: Ngoja hapo. Alisema mia tano?

WEKESA: Ndiyo.

AKINYI: Na wewe umelipa mia tatu. Yaani unajua unachokishika, yeye hajui, na bado ukaomba upunguziwe!

WEKESA: Dada, hiyo ni Kibuye! Ukitoa mia tano bila kuongea, muuzaji anajua amekosea. Atakuita kabla hujafika barabarani.

AKINYI: Kwa hivyo ulipiga bei ili asishtuke. Umejieleza vibaya zaidi.

WEKESA: [kicheko] Najua. Na mbaya zaidi, kuna mtu Nairobi ameona picha, ananipa elfu sita na mia tano.

AKINYI: Hapo tuanzie. Kwanza, hiyo elfu sita na mia tano ni bei ya nini?

WEKESA: Ya hiki.

AKINYI: Cha Jumapili au cha leo? Kilikuwa kinawaka Jumapili?

WEKESA: Hakikuwaka. Betri zilikuwa zimevuja, zile chuma za ndani zimeota kutu ya kijani. Nikazisugua na siki na mswaki wa zamani. Kikawaka, lakini skrini ina mistari, sehemu nyingine hazionyeshi kitu. Nikafungua, nikapitisha ncha ya soldering pale ule utepe wa skrini umeshikiwa, polepole, bila kubonyeza. Mistari ikatoweka mmoja mmoja. Jumatatu nzima imeisha hapo.

AKINYI: Basi mama hakupoteza elfu sita. Alikuwa na kitu kisichowaka. Hapo kuna siki, kuna soldering, kuna siku yako. Hilo nakupa. Lakini mia tatu sikupi.

WEKESA: Na kaseti yenyewe ni Tetris, ile gemu ya kupanga matofali yanayoanguka.

AKINYI: [kicheko] Basi mama alisema kweli! Zile brick game zote za Kichina zimeiga nini kama si Tetris?

WEKESA: Hiyo ndiyo inaniuma. Nilimcheka moyoni.

AKINYI: Na Tetris si ya kukupandishia bei. Marekani na Ulaya Game Boy iliuzwa na Tetris ndani ya boksi, kwa hivyo zimejaa. Watu wengi wanakosea hapo: wanaona kitu ni cha zamani, wanadhani ni adimu. PlayStation 2, hizi PS2 za kuchomeka kwa televisheni, zimeuzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Hiyo si adimu, hiyo ni kama sufuria. Ukiniuzia PS2 ukaniambia "hii ni antiki," nafunga mkoba wangu.

WEKESA: Lakini mtu akiingia eBay, lile soko la mtandaoni, anaona moja imeandikwa dola mia nne.

AKINYI: Imeandikwa. Imenunuliwa? Hata mimi naweza kuandika kwamba huu mwavuli wangu ni dola mia nne. Pale eBay kuna mahali unachagua uonyeshwe zile zilizouzwa tu. Hizo ndizo bei. Zile nyingine ni matumaini ya watu. Halafu hata iliyouzwa kule, huyo mnunuzi analipia boksi, kitabu cha maelezo, hata ile karatasi ya plastiki. Mtu wa Kondele anataka kufunga mabao. Boksi atawashia jiko.

WEKESA: Hapo sasa kuna kitu kinyume. Mtu wa kukusanya akipata PS2 ya Japani anafurahi. Hapa Kisumu mimi ningeilipia kidogo kuliko ya Uingereza.

AKINYI: Kwa sababu ya stima.

WEKESA: Stima! Ile PS2 nene ya Japani imetengenezewa volti 100, na pawa iko ndani ya mashine. Hapa ukutani ni 240. Ukichomeka hivi hivi, unasikia "pah", chumba kinanuka, umekwisha. Geuza nyuma usome kibandiko kabla hujatoa pesa. Ya Uingereza inakuja na plagi ya meno matatu kama yetu, volti zinaelewana, hata mfumo wa picha ni PAL kama wa televisheni zetu za zamani. Ile ya Japani ni NTSC, kwa televisheni nyingine za mgongo inakupa mechi isiyo na rangi.

AKINYI: Na zile nyembamba?

WEKESA: Zile nyembamba za mwanzo, za 2004, zina adapta ya nje. Hapo unasoma adapta. Ikiandikwa 100 hadi 240, lala usingizi.

AKINYI: Sasa twende kwa lenzi, maana lenzi ndiyo bei ya PS2. Muuzaji atakuwekea sidii moja, muziki ulie, akuambie "iko sawa mia kwa mia." Usikubali sidii moja. PS2 inasoma aina mbili: zile zenye mgongo wa bluu, hizo ni CD, na zile za fedha, DVD. Lenzi inayochoka inaweza kusoma hii ikakataa ile. Beba zote mbili. Halafu cheza nusu saa. Mwambie akuletee chai.

WEKESA: Na ukikuta lenzi imekufa usiondoke. Hapo ndipo mimi nanunua. Kuna ile memori kadi ya FreeMcBoot: unaichomeka, mashine inasoma gemu kutoka kwa flashi, lenzi inapumzika. USB ya PS2 ni ya zamani, ni polepole, kwa hivyo zile video za katikati ya mchezo zinakwama-kwama, lakini mpira unachezeka vizuri. Ila zile nyembamba za mwisho kabisa, ambazo namba ya modeli inaanza na 9000, kuna zinazoikataa hiyo kadi. Hizo zikifa lenzi, nahesabu kama spea.

AKINYI: Mimi nafanya hivi. Nauliza marafiki watatu, si wauzaji, wao walilipa ngapi kwa moja nzima mwaka huu. Nachukua hiyo. Natoa lenzi, kwa bei ya fundi wangu. Natoa padi, kama ni zile nyepesi za bandia ambazo kijiti cha analogi kinajiendea kushoto chenyewe. Natoa memori kadi kama hakuna. Kinachobaki ndicho nasema, na namwonyesha muuzaji hesabu. Nimeshasimama pale soko la Jubilee na kalamu na kikaratasi. Mtu akiona hesabu hakasiriki sana.

WEKESA: Anakasirika kidogo.

AKINYI: Kidogo. Lakini haoni kama umemdharau. Ukisema tu "nipe elfu moja" anakuona mwizi.

WEKESA: Akinyi, wewe unaongea kama mtu ambaye hajawahi...

AKINYI: Nimewahi. Usiniangalie hivyo, nasema. Mwaka jana niliuza PS2 kwa kijana mmoja wa Nyalenda. Elfu nne na mia tano. Alikuwa anataka kufungua banda la gemu, mbao, yaani shilingi ishirini, kwa mechi. Na mimi nilijua ikipata joto inaanza kukwama. Nilijua. Nikamwekea dakika kumi, ikacheza kama malaika. Aliniuliza, "Auntie, iko sawa?" Nikamwambia, "Si unaiona inacheza?"

WEKESA: Hukudanganya.

AKINYI: Hilo ndilo nilijiambia kwa tuktuk nikirudi nyumbani. Saa tatu usiku akapiga. Hakupiga kelele, hakutusi. Alisema, "Auntie, wateja wamedai pesa zao." Wateja sita. Alikuwa amekopa benchi kwa jirani.

WEKESA: Ukafanya nini?

AKINYI: Sikulala vizuri. Asubuhi nikampeleka kwa fundi, nikalipa lenzi, elfu moja na mia mbili. Kwa hivyo bei ya kweli ya ile mashine ilikuwa elfu tatu na mia tatu tangu mwanzo. Ningesema "lenzi inachoka" angenipa hiyo hiyo, na asingeaibika mbele ya watu.

WEKESA: [kimya] Lakini yangu ni tofauti. Wewe ulikuwa muuzaji. Mnunuzi akijua zaidi, hiyo si ndiyo faida ya kusoma? Nimejifunza hivi vitu miaka kumi. Mama naye ananunua vitu kwa kilo, kwake hiki kilikuwa plastiki.

AKINYI: Sikatai. Hata ungempa mia tano kimya ningesema sawa, umenunua bahati yako. Kwangu ni zile mia mbili. Zile mia mbili hazikuwa bei ya Game Boy, zilikuwa sarakasi yako ya kumficha.

WEKESA: Eeh.

AKINYI: Na ule mtu wa Nairobi, umemwambia umeshika utepe kwa soldering?

WEKESA: Nimemtumia picha ya skrini.

AKINYI: Sijauliza picha.

WEKESA: Sijamwambia. Nitamwambia leo. Mistari inaweza kurudi, namwambia hivyo, akitaka elfu tano ni elfu tano.

AKINYI: Na Jumapili?

WEKESA: Jumapili narudi Kibuye. Yule mama alisema ana gunia lingine nyumbani.

AKINYI: Wekesa!

WEKESA: Narudi na elfu moja yake! Kisha nitaangalia gunia.

AKINYI: Na akikuuliza elfu ni ya nini?

WEKESA: Hapo ndipo sijui niseme nini.

AKINYI: Mwambie ni ya brick game.