Hamu inayorudi: sigara umeacha, foleni na kilio bado vinakuita

SOLANGE: Karibuni, ndugu zetu wa Lubumbashi, na nyinyi mnaotusikiliza toka Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa. Mimi ni Solange, muuguzi, niko hapa na mdogo wangu Trésor. Leo tunazungumza na mtu aliyekwisha kuacha sigara. Miezi imepita, amejikaza, halafu siku moja hamu inamshika upya, anaogopa.

TRÉSOR: Yaya Solange, nina ujumbe wa shofa mmoja, anapeleka lori Kasumbalesa. Aliacha toka kiangazi cha mwaka jana. Nyumbani hana shida. Lakini akifika kwenye foleni ya mpaka, akizima mota tu, mkono unaenda wenyewe mfukoni. Anauliza kama sumu bado iko mwilini.

SOLANGE: Ilikwisha kutoka zamani. Nikotini haikai: kila baada ya saa 2 hivi, nusu ya iliyo kwenye damu imeondoka. Siku 3 zikipita, karibu yote imekwenda. Ndiyo maana siku zile za mwanzo ni ngumu: hasira, kichwa kizito, usingizi unakimbia. Wiki 2 hadi 4, hayo yanatulia. Kuna na sehemu za ubongo zinazopokea nikotini, ambazo kwa mvutaji zinaongezeka. Zenyewe zinahitaji kama wiki 6 hadi 12 kurudi hali ya kawaida. Huyu ndugu yetu amepita huko kote.

TRÉSOR: Basi kinachomwita ni nini?

SOLANGE: Foleni yenyewe. Hebu piga hesabu. Ukivuta, nikotini inafika kichwani ndani ya sekunde 10 hadi 20. Mtu wa paketi moja, sigara 20, kila moja akiivuta mara kumi, ni mara 200 kwa siku ubongo wake unaambiwa: hapa, saa hii, kwa harufu hii ya mafuta, utapata. Fanya hivyo miaka. Mpaka wa Kasumbalesa umefungamana na sigara ndani ya kichwa chake, na kumbukumbu haitoki kwa mkojo wala kwa jasho.

TRÉSOR: Kwa hiyo ataishi nayo hivyo?

SOLANGE: Hapana. Itapungua, ila si kwa kungoja tu. Inapungua pale anapokaa kwenye foleni ileile, hamu inapanda, havuti, hamu inashuka. Ubongo unajifunza jambo jipya juu ya lile la zamani. Wiki za kwanza ni vema kukwepa mahali panapokusumbua. Baadaye lazima upapitie, tena na tena. Na wengi hawajui hili: hamu moja inadumu dakika chache, mara nyingi hata 10 hazifiki. Mtu anadhani itaendelea kupanda mpaka apasuke. Haipandi hivyo. Aangalie saa.

TRÉSOR: Dakika hizo azifanyie nini? Maana yuko peke yake kwenye kabini.

SOLANGE: Ashuke. Kutembea kwa haraka, hata robo saa, kumepimwa na kuonekana kunapunguza hamu palepale. Alizunguke lori, akague magurudumu, akaze turubai. Anywe maji kidogo kidogo. Kabini aisafishe vizuri, atoe kile kisahani cha majivu, afue kitambaa cha kiti, maana moshi unakaa kwenye kitambaa na harufu peke yake inatosha kumwamsha.

TRÉSOR: Mimi kilichonisaidia ni karanga. Wale vijana wanaopita na kibao kifuani, sote tunawajua: mbele paketi ya sigara iliyofunguliwa, wanauza moja moja, pembeni pipi, biskuti, karanga zilizofungwa kwenye vijifuko virefu vyembamba. Nilikuwa mteja wao miaka yote. Sasa namwita kijana yuleyule, nanunua karanga. Kuzimenya moja moja kunashughulisha vidole, na vidole navyo vilikuwa vimezoea kushika kitu.

SOLANGE: Umefanya vema, maana kile kibao hutakikwepa katika mji huu. Kiko mtaa wa Kenya, kiko Katuba, kiko mbele ya kila baa.

TRÉSOR: Lakini Yaya, panaponishinda nguvu si barabarani. Ni kwenye kilio. Unajua kilio cha kwetu: wamama kwenye mikeka, sisi wanaume nje kwenye viti vya plastiki, mbabula ya makaa katikati, mpaka kuche. Saa nane ya usiku baridi imeingia, karata zimechosha watu, mmoja anatoa paketi, anachukua yake, paketi inazunguka mkono kwa mkono. Ikikufikia, wote wanakuangalia. Kuikataa inaonekana kama umemkataa mwenye msiba.

SOLANGE: Hapo ndipo wengi wanarudi, nimewaona. Mtu amefiwa, hajalala, hajala, na kila aliye karibu naye anavuta. Sitamwambia mtu asiende kilioni. Kwetu haiwezekani, na si haki. Ila ajipange kabla ya kutoka nyumbani. Ale kwanza. Mtu mmoja pale ajue kwamba ameacha, shemeji au rafiki, akae naye. Na ajipe kazi: kuongeza makaa, kuchota maji, kupanga viti, kupokea wanaofika usiku. Mwenye kazi kilioni hakuna anayemshikilia kwenye duara la paketi.

TRÉSOR: Kazi ya makaa nimeifanya mimi. Inasaidia kweli.

SOLANGE: Na neno lako liwe moja: "Nimeacha." Usiseme "leo hapana", kwa sababu saa tisa watakurudia. Ukisema umeacha, watakusukuma kidogo, halafu paketi itakupita.

TRÉSOR: Wanakuambia: moja tu, ya huzuni.

SOLANGE: Hiyo moja ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Haiishii kwenye huzuni. Wengi wanaoichukua, wiki chache baadaye wananunua paketi. Lakini kama kuna mtu anatusikiliza na aliichukua jana, asijihesabu amerudi mwanzo. Asitafute ya pili. Ashike palepale alipofika.

TRÉSOR: Na pombe?

SOLANGE: Pombe inalegeza mkono. Miezi ya kwanza, kama inawezekana, iache. Kuna munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kuna tangawizi, unaweza kukaa na wenzako bila bia ya Simba mbele yako.

TRÉSOR: Siku ya mpira, Mazembe na Lupopo, je?

SOLANGE: Ukienda uwanjani Kamalondo, nenda na karanga zako na ukae karibu na wasiovuta. Hilo sina mengi ya kulisema. Nataka niseme juu ya baridi, kwa sababu mwezi wa sita na wa saba unakuja na watu wanaamini sigara inaleta joto. Ni kinyume. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, vidole vya mikono na miguu vinazidi kuwa baridi. Ukishika kikombe cha chai ya moto kwa mikono miwili, umepata joto la kweli.

TRÉSOR: Na kahawa? Msikilizaji mwingine anasema tangu aache, akinywa kahawa yake ya kawaida moyo unadunda, mikono inatetemeka, anaona sigara inamdai.

SOLANGE: Aksanti kwa swali hilo. Moshi wa sigara unalifanya ini lisage upesi kafeini, ile inayochangamsha kwenye kahawa. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake. Kwa hiyo vikombe vilevile vinakuachia kafeini nyingi zaidi kwenye damu, inaweza kukaribia mara mbili. Mtu anatetemeka, hapati usingizi, kesho yake amechoka na ana hasira, na lawama zote anaitupia sigara. Apunguze kahawa kwa nusu, aangalie siku chache.

TRÉSOR: Mimi kitu kilichonitisha ni ndoto. Unaota unavuta, unaamka na jasho, unahisi umewaangusha watu wote nyumbani.

SOLANGE: Na hujavuta! Watafiti wawili, Hajek na Belcher, waliliandika mwaka 1991. Kati ya watu 293 walioacha kwa wiki 1 hadi 4, mmoja kati ya watatu alikuwa ameota anavuta, na wengi waliota hivyo kwa hofu na majuto. Ni alama ya kwamba umeacha. Karibu wote hawakuwahi kuota hivyo walipokuwa bado wanavuta.

TRÉSOR: Kwetu watu wanaziogopa sana ndoto za namna hiyo. Wengine wanasema ni pepo limerudi.

SOLANGE: Ndio, wananiambia hopitali: "Mama, niliombewa, mbona hamu imerudi?" Wanalia. Mimi pia ni mtu wa kusali, sitamkataza mtu maombi. Ninachowaambia ni kwamba hamu kurudi haina maana Mungu amekukataa, wala hukuwa na imani. Ni ubongo unakumbuka. Tena sala inaweza kuzishika zile dakika: soma zaburi ndefu, polepole, kwa sauti. Ukifika mwisho, hamu imeshuka.

TRÉSOR: Na dawa, Yaya?

SOLANGE: Zipo, na si aibu kuzitumia. Kuna plasta za nikotini za kubandika kwenye ngozi, kuna jojo la nikotini. Shirika la Afya Duniani liliviweka kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropion na varenicline. Vidonge hivyo vinapitia kwa daktari, kwa sababu si kila mtu vinamfaa. Mwenye kifafa kwa mfano, bupropion asiiguse. Jojo nalo usilitafune kama pipi: tafuna kidogo, likianza kuwasha libane kati ya shavu na ufizi. Na tafadhali, mtu asiache sigara akahamia shisha kwenye terasi. Kikao cha saa moja cha shisha kinakuingizia moshi mwingi kupita sigara nyingi sana.

TRÉSOR: Ujumbe wa mwisho ni wa mama mmoja wa Ruashi. Mume wake ameacha wiki ya pili sasa. Amekuwa mkali, watoto wanamkwepa. Jirani amemshauri amnunulie sigara ili nyumba ipate amani.

SOLANGE: Mama, usinunue. Ukali huo ni wa wiki hizi. Sigara iliyokuwa inamtuliza ilikuwa inatuliza dai ililolileta yenyewe. Mwaka 2014 jarida la utabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26: walioacha walionekana kuwa na wasiwasi na msongo pungufu kuliko walioendelea kuvuta. Kwa sasa mpe nafasi, mwambie watoto baba yao anapigana na kitu kigumu, watamwelewa.

TRÉSOR: Anasema saa mbaya zaidi ni baada ya chakula cha jioni. Anatoka uani, anakaa kwenye kiti chake, anatikisa mguu.

SOLANGE: Kiti hicho kiondoeni uani kwa muda. Akimaliza bukari, ugali wetu, apige mswaki mara moja, mdomo ukiwa na ladha ya dawa ya meno sigara haivutii. Halafu toka naye, mama, zungukeni mtaa mpaka giza liingie. Na akija mgeni mvutaji, avutie nje ya lango. Mtoto asitumwe kumnunulia.

TRÉSOR: Mama wa Ruashi, tuandikie utuambie anaendeleaje. Yaya Solange, aksanti sana. Jumamosi ijayo tunazungumza juu ya shinikizo la damu.