Kitabu na Mpira kwenye Kombe Moja: Mhadhara Uliotolewa Ngomeni, Lamu

Assalamu alaykum. Wazee wetu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mlioketi mikekani, ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Nianze na kabati. Shule niliyofundisha zamani, ofisini mlikuwa na kabati la kioo. Rafu ya juu zilipangwa picha za waliong'ara katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kila moja na fremu yake. Rafu ya chini kabisa, inayogusana na sakafu, vilisongamana vikombe vya kandanda, voliboli na riadha. Kimoja kilikuwa kimekatika mkono. Hakuna kilichoandikwa mwaka wala jina.

Sasa siku ya zawadi mwaka mmoja, timu ya voliboli ya wasichana ilirudi asubuhi ile ile kutoka mashindano ya kanda ya Pwani. Walishuka gatini wakaja moja kwa moja shuleni na mabegi mgongoni, wakasimama nyuma ya hema. Sherehe ikaanza, ikaisha, hawakutajwa. Nahodha wao alikuwa wa pili kidato kizima katika Hisabati. Kwa masomo hakuitwa kwa sababu zawadi ni ya wa kwanza; kwa mchezo hakuitwa kwa sababu mchezo haukuwekewa zawadi. Nilikuwa mwalimu wao wa michezo nami nilinyamaza. Uchungu wa siku ile ndio ulionileta hapa leo, kuomba shule zetu zituze masomo na michezo kwa kombe moja.

Kuna mahali wamelitafutia dawa jambo hili. Katika jimbo la Texas, Marekani, chama kinachosimamia mashindano ya shule, UIL, kilianzishwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na chama hicho hicho ndicho kinachoendesha mpira, muziki, mijadala na mashindano ya hesabu. Tangu miaka ya 1990 kinatoa kombe liitwalo Lone Star Cup. Kombe hili halitolewi kwa mchezaji wala kwa timu. Shule nzima hujumlishiwa pointi za mwaka: ilivyofanya uwanjani, ilivyofanya kwenye mashindano ya kimasomo, ilivyofanya kwenye muziki. Na shule hupangwa makundi sita kulingana na idadi ya wanafunzi, kuanzia 1A mpaka 6A, ili shule ndogo ya kijijini ishindane na ndogo mwenzake.

Hapo kwenye makundi nataka tutulie kidogo. Chukueni shule ya Kiunga au ya Faza. Timu ya Faza ikija kucheza hapa Amu, inalipia boti kabla haijagusa mpira. Shule ya mjini inakwenda uwanjani kwa miguu. Tukihesabu vikombe tu bila kuangalia ukubwa wa shule na urefu wa safari, tutakuwa tunatuza mifuko. Kombe letu, tukilianzisha, lianzie kwenye mgawanyo huo.

Texas hiyo hiyo ina sheria nyingine, ya mwaka 1984: mwanafunzi asiyefikisha alama 70 katika somo husimamishwa kucheza. Usipofaulu, huchezi. Wako walimu hapa wanaoitamani, na naheshimu nia yao. Mimi siitaki. Mvulana wa Lamu anayebaki shuleni kwa ajili ya mpira, ukimnyima mpira hatakwenda maktaba. Atakwenda baharini na wavuvi, na muhula ujao humwoni. Afadhali utaratibu wa North Carolina wa kuitunuku timu kwa wastani wa alama za masomo za wachezaji wake wote. Hapo golikipa anayejua Kemia ana sababu ya kukaa jioni na mshambuliaji asiyeijua, kwa kuwa alama za mwenzake ni zake pia.

Wala tusiseme ni mambo ya kigeni. Kila Mfungo Sita, Maulidi yanapofika, mji huu huwaheshimu wasomaji na waandishi wa khati, na siku hizo hizo watu hujaa ukingoni mwa bahari kutazama mashindano ya majahazi na mbio za punda. Hakuna mzee anayeuliza kwa nini kalamu na usukani vimekutana. Na kutuza tunakujua: kwenye ngoma, anayecheza vizuri hutuzwa pale pale, watu wakiona. Shuleni ndiko tulikotenganisha.

Wakati wenyewe unatusukuma. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu walizowekewa ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa hiyo mchezo sasa ni somo, una mwalimu na una mtihani. Kabati letu bado lina rafu ya juu na rafu ya chini.

Walimu wakuu mlio hapa, ili kombe letu lianze, ombi langu ni hili. Kabla muhula haujafungwa, kila shule ilete karatasi moja, upande mmoja tu: wastani wa masomo, mlikofika katika kila mchezo, muziki na drama, idadi ya wanafunzi, na nauli ya boti mliyolipa mwaka mzima. Mwalimu wa Hisabati na mwalimu wa michezo waijaze pamoja, na wote wawili watie sahihi.