Chai ya Mapipa na Bonanza la Vitongoji: Nipo Kamikatsu, Japani

Ndugu watazamaji, hamjambo. Shikamooni wazee wangu mnaonifuatilia kutoka Tukuyu, Mbeya, Dar es Salaam na Mombasa, na karibuni tena. Leo sipo Osaka ninakoishi na kufanya kazi. Nipo Kamikatsu, milimani katika mkoa wa Tokushima, kisiwa cha Shikoku, na nimefuata mambo mawili: chai ya kuchachusha ambayo watu wa hapa hunywa mwaka mzima, na mashindano ya michezo ya vitongoji yanayofanyika mwezi huu wa Oktoba, wakati chai mpya imeshakauka na kuingia majumbani.

Kisheria Kamikatsu ni mji, lakini ukifika utasema ni kijiji, tena kijiji kilichotawanyika. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za ardhi yake ni misitu, nyumba zimeng'ang'ania miteremko, mashamba ya mpunga yamejengewa kingo za mawe ngazi kwa ngazi, na barabara ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana, mmoja lazima arudi nyuma hadi apate mahali pa kujibanza. Mwaka 1955, vijiji viwili vilipounganishwa kuwa Kamikatsu, watu walikuwa zaidi ya 6,000. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu 1,380, na zaidi ya nusu yao wamevuka umri wa miaka 65. Huenda baadhi yenu mmewahi kusikia kwamba wakazi hutenganisha taka zao katika mafungu zaidi ya 40, au kwamba bibi wazee hupata kipato kwa kuuza majani ya miti ya kupambia sahani mikahawani, biashara iliyoanza mwaka 1986 baada ya baridi kali ya mwaka 1981 kuua michenza yao. Hayo leo nayapita, kwa sababu kila mwenye kamera anayepanda mlima huu huja kuuliza habari za takataka, na nadhani wenyeji wamechoka kulijibu swali hilo.

Tuanze na chai. Sisi tuliokulia Rungwe tumefundishwa tangu utotoni kwamba chai ni majani mawili na chipukizi, kwamba jani likikomaa halina thamani tena, na kwamba lililochumwa asubuhi sharti lifike kiwandani siku hiyo hiyo. Hapa mambo yamegeuzwa juu chini. Chai hii, inayoitwa Awa bancha kwa jina la kale la eneo la Tokushima, haiguswi katika majira ya kuchipua, wakati Wajapani wengine wengi wanakimbilia majani machanga ya chai ya kijani. Wenyeji husubiri hadi Julai, jua likiwa kali, majani yakiwa mapana, magumu na ya kijani kilichokolea, ndipo huketi chini ya mti na kupura tawi zima kwa mkono, kuanzia shinani kwenda nchani, mpaka mti unabaki fito tupu. Nilikuja wakati huo wa mavuno, na mama mmoja alinionyesha vidole vyake alivyovifunga vitambaa, kwa kuwa tawi la mchai uliokomaa huchuna ngozi. Miti yenyewe, mnaiona hapa nyuma yangu, haikupangwa kwa mistari kama mashamba yetu ya Rungwe au Mufindi. Imesimama kwenye kingo za majaruba na kando ya njia, na mingi iliota yenyewe.

Majani yakishapurwa huchemshwa kwenye sufuria kubwa mpaka rangi inafifia na kuwa ya zeituni, kisha husuguliwa ili yachubuke na utomvu utoke. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ndani ya kihori cha mbao chenye mifereji, watu wawili wakivuta na kusukuma ubao. Siku hizi nyumba nyingi zina mashine ndogo. Baada ya hapo ndipo inapokuja hatua ambayo kwetu ingemfanya meneja wa kiwanda aite polisi. Majani hupakiwa ndani ya pipa, hushindiliwa kwa nguvu ili hewa itoke, humiminiwa maji yale yale yaliyochemshia, hufunikwa, na juu ya kifuniko hupangwa mawe mazito. Humo hukaa kwa wiki mbili, tatu, pengine mwezi, bila hewa, huku bakteria wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa mtindi, wakifanya kazi yao.

Sogeeni karibu na pipa hili, ingawa ninasikitika kwamba kamera haipitishi harufu. Ni kuukuu, mbao zake zimepiga weusi, na hata likiwa tupu hutoa harufu ya uchachu wenye utamu kwa mbali. Mwenyeji wangu, bibi aliyevuka miaka themanini, hajawahi kununua hamira wala kimeng'enya chochote cha kuanzishia, kwa maana bakteria wamo katika majani, katika pipa na katika banda lenyewe. Kwa sababu hiyo chai ya nyumba yake haifanani na ya jirani aliye ng'ambo ya bonde, na wenyeji wakionja wanaweza kubishana kwa muda mrefu kuhusu ipi ni chachu zaidi na nani alilifungua pipa lake mapema mno. Siku ya kufungua pipa hutegemea utabiri wa hali ya hewa: zinatakiwa siku mbili za jua kamili mfululizo, kwani majani hutandazwa kwenye mikeka yakiwa yamelowa, na mvua ikinyesha kabla hayajakauka, kazi ya mwaka mzima huharibika mchana mmoja. Mwaka 2021 serikali ya Japani iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi muhimu wa utamaduni usioshikika. Heshima hiyo ni kubwa, lakini kwa maoni yangu orodha haipuri majani, na kila nyumba inayofungwa kwa kukosa mrithi hupotea pamoja na ladha ya pipa lake.

Sasa twende uwanjani, maana wameshaanza kukusanyika. Japani ina sikukuu ya taifa ya michezo, Jumatatu ya pili ya Oktoba, iliyowekwa mwaka 1966 kukumbuka ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo tarehe 10 Oktoba 1964. Watazamaji wangu wa Kenya wanaikumbuka michezo hiyo kwa sababu yao wenyewe, kwa kuwa huko ndiko Wilson Kiprugut alikoipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, chini ya mwaka mmoja baada ya uhuru. Na Tanganyika nayo ilishiriki kwa mara ya kwanza. Siku kama hizi, mitaa na vijiji vingi vya Japani hufanya kile ambacho sisi tungekiita bonanza.

Hapa halianzi kwa hotuba ya mgeni rasmi, jambo lililonifurahisha sana. Kipaza sauti kinapiga muziki wa mazoezi ya viungo ya redio, yanayorushwa nchini humu tangu mwaka 1928, na watu wote, kuanzia mtoto wa chekechea hadi mzee mwenye mkongojo, wananyosha mikono kwa mpangilio ule ule bila kumtazama mtu. Kisha wanagawanywa pande mbili, wekundu na weupe, rangi za koo mbili zilizopigana vita kuu katika karne ya 12: Taira wakiwa na bendera nyekundu na Minamoto nyeupe. Katika bonde la Iya, ndani ya mkoa huu huu, masimulizi yanasema kwamba Taira walioshindwa walikimbilia huko kujificha. Mzee mmoja wa timu nyekundu aliniambia kwa uso mkavu kabisa kwamba leo wamekuja kulipa deni hilo.

Kuna kuvuta kamba, ambako wale mliowahi kushiriki michezo ya SHIMIWI, ile ya watumishi wa serikali Tanzania, msingehitaji mkalimani. Kuna mbio za mkate, ambapo mkimbiaji hufunga mikono mgongoni na kuuwania mkate unaoning'inia kwenye kamba kwa meno tu. Zawadi si mbuzi wala jezi. Ni sabuni ya unga, karatasi za chooni na mchele, na nimeona watu wakizipigania kwa moyo wote.

Lakini mchezo wenyewe, ule unaowafanya watu wavute viti karibu na mstari, ni getiboli. Ulibuniwa Hokkaido mwaka 1947 kwa ajili ya watoto, wakati mpira wa kuchezea ulikuwa adimu baada ya vita, halafu wazee wakautwaa na hawajaurudisha. Timu ni ya watu watano, kila mmoja na mpira wake wenye namba, witiri kwa wekundu na shufwa kwa weupe, na hupiga kwa zamu kuanzia namba 1 hadi 10 kwa dakika 30. Ukipitisha mpira katika lango moja kati ya matatu unapata pointi moja. Ukigonga nguzo ya katikati baada ya malango yote unapata mbili. Msidhani ni mchezo wa upole. Mpira wako ukigusa wa mpinzani, unaruhusiwa kuiweka pamoja, kuukanyaga wako kwa mguu, na kuupiga nyundo ili ule wa mwenzako urushwe nje ya uwanja. Nimemshuhudia bibi mwenyeji wangu, aliyenikaribisha jana kwa kuinama mara tatu, akimfanyia hivyo mume wa dada yake bila kupepesa jicho, kisha akamwomba radhi kwa adabu zote.

Jambo ambalo huenda hamtaligundua kwenye picha ni jinsi timu zinavyoundwa. Zamani kila kitongoji kilileta timu yake. Sasa viko visivyoweza kupata watu watano wenye magoti yanayokubali, hivyo viwili au vitatu huungana, na fulana za namba huvaliwa na watu waliokuwa mahasimu kwa miaka mingi. Waandaaji hawakupunguza idadi ya wachezaji. Walipofikiria kufanya hivyo, nimeambiwa, wazee walikataa katakata, kwa kuwa timu ya watatu ingemaanisha kwamba wawili wabaki nyumbani.

Ilipofika mapumziko, birika la alumini lenye ukubwa wa ndoo liliwekwa mezani, na ndani yake ilikuwa chai mpya ya Agosti, iliyopoa. Rangi yake ni ya dhahabu, uchachu wake ni mwepesi, na haina ule ukakasi wa chai ya rangi iliyochemka mno. Haina kafeini nyingi, hivyo watoto nao walimiminiwa. Kwa wale mtakaouliza, na najua mtauliza: hapana, hawatii sukari, hawatii maziwa, wala tangawizi. Huchemsha majani kiasi cha konzi katika birika la maji na kuyaacha humo.

Bibi aliniuliza kwetu majani makubwa tunayafanyia nini. Nikamweleza kwamba tukipogoa miti, tunayaacha chini yaoze yawe mbolea. Aliwatafsiria wenzake kwa lafudhi yao ya milimani, na meza nzima ikageuka kunitazama kama mtu anayemwaga mchele barabarani. Wakaanza kunihoji: miti ina umri gani, jua la Julai huko likoje, mapipa tunayo? Nilipotaja kwamba Julai kwetu ni kipupwe na Tukuyu mvua haikauki kirahisi, mzee wa timu nyekundu alitikisa kichwa akasema kwamba basi kukausha kutatushinda, labda tujaribu Desemba. Nikamwambia Desemba ndiyo mvua yenyewe. Mjadala huo ulikatizwa na filimbi ya nusu fainali, ambayo wekundu waliipoteza kwa pointi moja, mpira wa namba 10 ukiwa wa mwisho kupigwa.